Chokaa, Saruji na Kuta za Mawe za Pwani

Mwenye nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa, au katika mtaa wa Mkomani huko Lamu, hufikiwa siku moja na swali ambalo babu yake hakuhitaji kuliuliza. Lipu ya nje imeambuka, mawe yamebaki uchi, na mvua za masika zakaribia. Je, apige lipu ya namna gani? Babu hakuuliza kwa sababu lipu ilikuwa moja tu. Mjukuu hana budi kuuliza, kwa kuwa dukani kuna mifuko ya saruji iliyopangwa hadi darini, na chokaa, kama ipo, imewekwa nyuma ya mlango kwa ajili ya kupakia mistari ya uwanja wa mpira.

Huenda msomaji akashangaa kuliona swali hili katika jarida la lugha. Yaelekea ni swali la fundi, au la msanifu wa majengo. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilionyeshwa mapatano ya kazi baina ya bi mkubwa mmoja wa Mombasa na fundi aliyemwita kuitengeneza nyumba aliyorithi. Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kazi yote ya upande wa nje ilielezwa kwa maneno matatu: kupiga lipu upya. Bi mkubwa alikusudia chokaa, maana ndiyo aliyoiona tangu utotoni. Fundi alifahamu saruji, maana ndiyo aliyofundishwa. Hapana aliyemdanganya mwenzake, wala hapana aliyevunja mapatano. Neno moja lilibeba vitu viwili, na ukuta ndio uliolipa gharama. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuanza na maneno, kisha nije kwenye mawe.

Kiswahili kina kitenzi cha kale cha ujenzi wa mawe, nacho ni kuaka. Vijana wengi hawakijui tena, ingawa kila siku wanalitaja jina la mtendaji wake, yaani mwashi. Uhusiano wa maneno hayo mawili ni ule ule wa kupika na mpishi, au kuandika na mwandishi: sauti k yageuka sh mbele ya kiambishi cha mtendaji. Kitenzi hiki si cha pwani peke yake. Mgikuyu husema gwaka, na Mkamba husema kwaka, na wote wawili wana maana ya kujenga, hata iwe nyumba ya miti na nyasi. Kwa hivyo, Mswahili alipoanza kupanga jiwe juu ya jiwe hakuazima neno la kuiita kazi hiyo. Alichukua neno alilorithi kwa wazee wake wa Kibantu, akalibana maana yake hata likawa la mawe na chokaa tu, na jengo la miti akaliachia vitenzi vingine. Vivyo hivyo kukandika, yaani kupaka udongo kwa mkono juu ya fito, na kutomea, yaani kujaza vijiwe na chokaa katika mianya ya ukuta kabla ya kuupaka. Neno hili la mwisho naliona kuwa hazina. Lataja hatua kamili ya kazi ambayo lugha nyingine huieleza kwa sentensi nzima, na fundi asiye na neno hilo aghalabu huiruka hatua yenyewe.

Majina ya vitu, kwa upande mwingine, mengi yalikuja na jahazi. Tanuri ni neno la Kiarabu. Lipu inalingana na kitenzi cha Kihindi na cha Kigujarati chenye maana ya kupaka au kusiriba. Sakafu nayo ni ya Kiarabu, ila ina kisa cha kupendeza: katika Kiarabu hutaja paa au dari, yaani kilicho juu ya kichwa, na katika Kiswahili twaikanyaga kwa miguu. Haya si makosa ya mkopaji. Katika nyumba ya ghorofa ya pwani, boriti hupangwa, mawe hulazwa juu yake, chokaa na kokoto humwagwa na kupondwa kwa siku nyingi mpaka zishikane, na kitu hicho kimoja huwa paa la aliye chini na sakafu ya aliye juu. Lugha iliangalia kutoka ghorofani.

Lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni saruji. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilipita katika Kiarabu cha Ghuba. Kule Oman, mafundi wa mifereji ya maji iitwayo aflaj walilitumia, na hata leo wanalitumia, kwa maana ya udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa ili upate kushika hata penye maji. Maana yake ya kwanza, basi, haikuwa unga wa kijivu wa kiwandani. Ilikuwa jamii ya chokaa: chokaa iliyotiwa nguvu kwa udongo wa moto. Kiswahili kilipokutana na bidhaa mpya ya Wazungu kilikuwa na njia mbili. Njia moja ilikuwa kulichukua jina pamoja na kitu, na ndivyo tulivyopata simiti. Njia ya pili ilikuwa kulivisha jina la zamani kitu kipya, na ndivyo saruji ilivyokuja kuwa jina la heshima, la vitabuni na la matangazo. Sitaki kuilaumu lugha, kwa maana hivi ndivyo lugha zote zifanyavyo. Lakini yafaa kutambua kwamba mgeni aliyevaa kanzu ya mwenyeji haulizwi maswali mlangoni.

Kabla ya kuendelea yanibidi niondoe shaka moja. Wako waliowahi kutumia orodha kama hiyo ya maneno ya kigeni kuthibitisha kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa na wageni. Ushahidi wa ardhini haukubali. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale: ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, na ya mawe ikafuata baadaye, bila ya mji wenyewe kuhama wala kubadilisha watu. Ukuta wa mawe ulikua kutoka kwenye ukuta wa udongo. Mtu aliyezoea kukandika ndiye aliyejifunza kuaka.

Kazi hiyo ilifika mbali mapema. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kaburi moja la Gedi lina mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona mji ambao nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao, ingawa wakati huo huo Husuni Kubwa ilikuwa imekwisha kusimama, au ilikuwa ikijengwa, juu ya jabali lake kando ya bahari. Baada ya chini ya karne mbili, waandishi waliofuatana na msafara wa Francisco d'Almeida, ambao uliuteka na kuuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, walieleza nyumba za ghorofa, nyingine za dari tatu, na zote zimepakwa chokaa. Walieleza pia njia nyembamba ambazo watu wawili hawakuweza kwenda sambamba, na viti vya mawe mbele ya milango vilivyozidi kuzibana njia hizo. Kila mkaaji wa Mji wa Kale ataitambua baraza yake hapo. Yasikitisha kwamba baadhi ya maelezo yetu bora ya lipu ya kale yaliandikwa na watu waliokuja na mienge.

Chokaa ilikuwa mali. Huko Lamu nyumba ya mawe haikuwa ya kila mwenye fedha, bali ilikuwa alama ya uungwana, na mpaka baina ya Mkomani ya mawe na Langoni ya udongo na makuti ulikuwa pia mpaka wa daraja za watu. Mwandishi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha namna dunia ilivyowageuka matajiri wa Pate, alizitazama kuta zao: vidaka vilivyokuwa na vyombo vya thamani vimegeuka viota vya ndege. Lakini utajiri huo wa chokaa uliwekwa ndani zaidi kuliko nje. Ndani ya nyumba ya Lamu lipu ni laini, imenakshiwa na kugawanywa katika zidaka safu kwa safu, ilhali ukuta wa nje aghalabu ni mtupu, umetomewa tu na kupakwa kwa unyonge. Kwa hiyo mtu anayeifanya nyumba ya kale ing'ae nje kama sahani, akidhani anairudishia hali yake, huenda anaipa sura isiyokuwa nayo kamwe.

Sasa tuitazame chokaa yenyewe. Jiwe la pwani ni tumbawe. Liko la aina mbili: tumbawe la nchi kavu, gumu na lenye mashimo, lililochimbwa ardhini, ambalo ndilo la kuta, na tumbawe hai la baharini, laini likiwa bichi kiasi cha kuchongwa kwa shoka dogo, ambalo lilitumiwa katika mihrabu, mafremu ya milango na kazi za nakshi. Jiwe lile lile linalojenga ndilo linalochomwa. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, huku uwazi ukiachwa katikati kama bomba. Vipande vya tumbawe hurundikwa juu, na moto hutiwa kupitia katikati. Tanuri huwaka siku kadhaa. Baada ya kupoa, rundo humwagiwa maji au huachiwa mvua, nayo mawe yaliyokuwa magumu hupasuka, hutoa joto, na kuporomoka kuwa unga mweupe. Mafundi wenye subira hawakuitumia mara moja. Waliiacha katika shimo, ikiwa na maji juu yake, kwa miezi mingi, maana chokaa iliyokaa huwa laini na haifanyi malengelenge ukutani.

Yanayotendeka hapo yameelezwa na wanakemia kwa ufasaha. Tumbawe likipata joto la kiasi cha digrii 900 hutoa hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Likipewa maji huwa chokaa iliyozimwa. Likipakwa ukutani huanza kuirudisha hewa ile ile kutoka angani, pole pole, kwa miezi na hata miaka, mpaka liwe tena jiwe la asili moja na lile lililochomwa. Ukuta na vazi lake huwa ndugu. Hupanuka pamoja juani, hupoa pamoja usiku, na ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka katika ufa huo, hata ukajiziba.

Ukuta wenyewe nao una tabia zake. Una unene wa nusu mita hivi. Ndani yake si jiwe tupu, bali ni mawe yasiyo na umbo, yaliyolazwa katika chokaa hafifu iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Hauna kitu chochote kilichowekwa chini ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande. Yanapanda, na siku zote yamepanda. Hewa ya bahari nayo huleta chumvi. Ukuta kama huo hauwezi kufanywa mkavu, na kosa kubwa la karne iliyopita lilikuwa kujaribu kuufanya hivyo. Hali yake njema ni ya mtu anayefanya kazi juani: yafaa atokwe na jasho. Maji yaliyoingia chini au juu hutafuta njia ya kutoka, huipata kupitia lipu ya chokaa yenye vinyweleo vingi, na chumvi hubaki katika lipu hiyo. Baada ya miaka lipu huchakaa na kuanguka. Hili si dosari. Lipu ndiyo inayochakaa ili jiwe lisichakae, kama kandambili zinavyolika ili mguu ubaki mzima.

Saruji ya kisasa ni kitu cha namna nyingine. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hati yake mwaka 1824, na kilichotokana na hati hiyo, baada ya kurekebishwa na wengine, huchomwa kwa joto la kiasi cha digrii 1450, tena pamoja na udongo, mpaka vikaribie kuyeyuka. Hushika kwa maji, si kwa hewa, na hushika kwa siku, si kwa miaka. Katika pwani ya Kenya ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo hadi kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilipoanza kuitoa mwaka 1954. Nacho kiliichoma nini? Tumbawe. Jabali lile lile la kale lililowapa wazee chokaa ndilo lililosagwa na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Pengine hii ndiyo sababu mojawapo ya watu kuiona saruji kuwa chokaa iliyoendelea. Ni wana wa baba mmoja, lakini tabia zao ni mbali mbali.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa tumbawe ni gumu kuliko kinachoibeba. Ukuta unapojongea kidogo, nao hujongea kila mwaka, lipu haijongei pamoja nao bali hupasuka. Katika ufa mwembamba kama unywele maji ya mvua huingia kwa wingi, na hayawezi kutoka kwa kuwa sehemu nyingine zote zimezibwa. Yale yanayopanda kutoka ardhini nayo, yakikosa mlango, huendelea kupanda hadi yafike mahali ambapo hayakufika tangu nyumba ijengwe. Chumvi sasa haibaki katika lipu. Hujikusanya nyuma yake, juu ya uso wa jiwe, hugeuka fuwele, huvimba, na kulisaga jiwe liwe unga. Udongo mwekundu wa katikati hulainika. Ncha za boriti, zilizopumzika ndani ya ukuta kwa karne mbili bila ya kudhurika, huanza kuoza. Na haya yote hufanyika gizani, maana kwa nje lipu ingali nyororo. Ikianguka, huanguka na uso wa jiwe ukiwa umegandamana nayo.

Sitaki kutia chumvi, ingawa nimekwisha kuitaja sana. Majumba ya kale huanguka kwa sababu nyingi: mapaa yanayovuja, mabomba, miti inayoota ukutani, wapangaji wengi bila ya mwenye kuangalia, warithi ishirini wasiopatana. Sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash huko Unguja mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tena wakati matengenezo yakiendelea, watu walitafuta sababu moja ya kuishika. Mimi simo katika wanaosema kwamba saruji peke yake huangusha nyumba. Nasema tu kwamba huificha nyumba inayougua, na kwamba mgonjwa aliyefichwa hufa ghafula.

Wala hoja za mtetezi wa saruji si za kudharauliwa. Kwanza, ni rahisi kupatikana, na fundi yeyote anaijua. Pili, chokaa yadai kurudiwa: kupakwa upya, kuangaliwa, kuzibwa, na mwenye nyumba maskini hana fedha ya kila mwaka. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, tanuri la zamani lilikula mikoko na minazi kwa wingi wa kutisha. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, na mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa nchini, jambo lililowaumiza wakataji wa Lamu. Kuwaambia watu wachome tena magogo ya mikoko ili kuta za makumbusho zipendeze ni kuokoa urithi mmoja kwa kuuteketeza mwingine. Tumbawe hai la baharini halifai kuguswa kabisa. Lakini hoja hii yahusu namna ya kuchoma, haihusu chokaa. Chokaa yaweza kuchomwa katika tanuri lililofungwa, kwa mabaki ya mbao au kwa vifuu vya nazi, na kwa jiwe la nchi kavu; tena yatosha joto la chini sana kuliko lile la saruji.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo huutaja kama mafakihi wanavyotaja vitabu vyao, waruhusu ufundi wa kisasa pale ambapo ule wa asili haukutosha, kwa sharti kwamba ufanisi wake uwe umethibitishwa na sayansi na uzoefu. Mara nyingi nimesikia sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ikitumiwa kuhalalisha saruji. Sehemu ya pili haitajwi. Na tukiuliza uzoefu, uzoefu umekwisha kusema. Chokaa imesimama Kizimkazi na Gedi kwa karne kadhaa. Lipu nyingi za saruji juu ya tumbawe hazikutimiza umri wa mtu mzima.

Hata hivyo, kusema chokaa peke yake hakujamaliza jambo, maana kuna mahali ambapo chokaa tupu haitoshi. Ukuta wa pembeni mwa bahari unaopigwa na rasharasha za mawimbi, kingo za paa, sehemu ya chini inayorushiwa maji ya njiani, na birika la msikiti: hapo lipu yahitaji kushika haraka na kustahimili maji. Na hapa ndipo neno letu la zamani linaporudi kwa manufaa. Vigae au matofali yaliyochomwa kwa moto wa wastani, yakisagwa na kuchanganywa na chokaa, hutoa lipu inayoshika hata katika unyevu bila ya kuwa ngumu kuliko jiwe. Hiyo ndiyo saruji katika maana yake ya kwanza. Kumbe jibu la swali la mjukuu lilikuwa limehifadhiwa ndani ya neno lile lile lililompoteza.

Kuhusu kutia saruji kidogo ya kiwandani katika chokaa ili ishike upesi, kama wafanyavyo wengi kwa kutuliza dhamiri, maoni yangu ni kwamba ni afadhali kuacha. Kidogo chake hakileti nguvu ya kutegemewa, na kingi chake chaleta madhara niliyokwisha kuyaeleza. Mchanga nao usiwe wa ufuoni, kwa kuwa una chumvi; uwe wa shimoni au wa mtoni, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga mitatu, lakini mwashi mzuri hupima mchanga alio nao kabla ya kukiamini kipimo cha mtu mwingine.

Wakati wa kazi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika kaskazi, jua na upepo mkavu huikausha chokaa kabla haijaanza kushika, nayo hugeuka vumbi. Katika masika mvua huiosha. Miezi ya baridi baada ya masika, kusi inapovuma, ndiyo inayofaa, ikiwa ukuta utafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na lipu kunyunyiziwa maji kila siku. Ukuta hunyweshwa maji kwanza. Kisha hutomewa. Kisha hupakwa tabaka nyembamba, kiasi cha sentimeta moja, na kila tabaka huachwa ishike kabla ya kufuatiwa na nyingine. Mwisho hupakwa maji ya chokaa, mara nyingi na kwa wepesi. Fundi anayelipwa kwa siku huifurahia kazi hii. Anayelipwa kwa kazi nzima huichukia, na mwenye nyumba yafaa akumbuke hilo anapoandika mapatano.

Ile nyumba ya Mombasa niliyoitaja mwanzoni ilianza kuonyesha dalili baada ya miaka michache. Unyevu ulifika ghorofa ya kwanza, mahali ambapo bi mkubwa alikuwa akiweka kitanda cha mamake, na rangi ya ndani ikawa inadondoka kama magamba. Akaitwa mwashi mwingine, mzee aliyekwisha kuacha kazi. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka mlangoni hadi pembeni, akisikiliza. Pale palipotoa mlio wa mtungi mtupu alitia alama kwa mkaa.

"Mama," akamwambia, "hapa penye alama lipu imekwisha kuachana na ukuta, tutaitoa. Pale pasipolia bado imeshika jiwe. Tukiing'oa kwa nguvu, jiwe litakuja nayo. Tutapaacha pajitoe penyewe."

"Mpaka lini, baba?"

"Mwaka, miaka miwili. Ukuta ukianza kutokwa na jasho upande huu, upande ule utalegea."

Wakaandika karatasi mpya. Safari hii ilikuwa na kurasa mbili, nayo ilitaja chokaa iliyokaa shimoni, mchanga wa mtoni, kutomea, idadi ya tabaka, magunia, na miezi ya kazi. Neno lipu lilitokea mara saba, na halikuachwa peke yake hata mara moja. Walianza na ukuta wa nyuma, mwezi wa Juni.